Edison, mvumbuzi aliyepima umeme kwa mizani

WENGI wakimtaja Thomas Alva Edison huwaza balbu. Wachache hukumbuka kwamba Mmarekani huyo alikabiliwa pia na swali gumu kuliko lile la mwanga: mteja atozwe kiasi gani kwa kitu asichoweza kukiona wala kukitia katika kibaba?

Edison alizaliwa Februari 11, 1847 mjini Milan, jimbo la Ohio. Shuleni alikaa kwa muda mfupi mno, na sehemu kubwa ya elimu yake aliipata kwa mamaye, Nancy, aliyewahi kuwa mwalimu. Akiwa barobaro aliuza magazeti garimoshini, kisha akawa karani wa telegrafu. Mnamo 1876 alianzisha maabara Menlo Park, New Jersey, na huko ndiko taa yake ilikofaulu mwaka 1879.

Septemba 4, 1882, mtambo wake wa barabara ya Pearl, New York, ulianza kusambaza umeme. Miezi ya kwanza wateja hawakutozwa hata senti. Ankara ya kwanza ilitolewa Januari 1883.

Mita yenyewe ilikuwa chupa ya maji yenye chumvi ya zinki, ndani yake mna vipande viwili vya zinki. Sehemu ndogo tu ya umeme ulioingia jengoni ilipitishwa humo. Kadiri taa zilivyowaka, ndivyo zinki ilivyobanduka kwenye kipande kimoja na kugandamana na kingine. Kila mwezi vipande hivyo vilichukuliwa na kupimwa kwa mizani, na tofauti ya uzito ikageuzwa kuwa deni. Wakati wa baridi kali, taa ndogo ilijiwasha kisandukuni ili maji yasigande.

Hesabu ilikuwa sahihi, ila mteja hakuona lolote. Aliletewa ankara tu. Anayenunua tokeni leo huenda akaielewa shaka yake. Edison alisimulia kwamba shaka hiyo ilizuka hata katika ofisi ya bwanyenye J. P. Morgan, mmoja wa wafadhili wake. Ikabidi kadi zitundikwe penye taa ili muda wa kuwashwa uandikwe. Jumla haikulingana na mita, hadi ilipobainika kwamba mfagiaji alikuwa akiwasha taa kwa kazi yake bila kuandika. Mita haikuwa na kosa.

Kilichoiangusha ni kwamba haikuweza kupima umeme wa mkondo geu, uliokuwa ukienea upesi. Oliver Shallenberger huko Pittsburgh mwaka 1888, na Ottó Bláthy wa Budapest mwaka 1889, walitengeneza mita zenye kuzunguka kwa nguvu ya mkondo huo.

Karne ya 20 ilipoanza, Edison aligeukia gari la umeme. Betri yake ya nikeli na chuma iliingia sokoni 1903, lakini baadhi zikavuja. Alisitisha uzalishaji, akarudi maabarani kwa miaka kadhaa, na kufikia 1910 betri mpya ilikuwa ikiuzwa. Magari ya Detroit Electric ni miongoni mwa yaliyoitumia.

Wenye magari hayo wengi waliyachaji nyumbani usiku. Palipokuwa na mkondo geu, ilihitajika mashine ya kuugeuza uingie betrini, na baadhi ya umeme ukapotea kama joto. Betri nayo haikurudisha wote iliopokea. Hivyo mita ya nyumba ilihesabu umeme mwingi kuliko ule ulioliendesha gari barabarani. Hali ni hiyo hiyo hadi leo, ndiyo maana anayetaka kujua gharama halisi ya gari lake hufunga mita ya pekee kabla ya chaja, badala ya kutegemea takwimu za dashibodi.

Edison alifariki Oktoba 18, 1931, akiwa na umri wa miaka 84. Wakati huo petroli ilikuwa imekwisha kushinda, nazo betri zake zilitumika katika taa za wachimba migodi na ishara za reli.