Charlotte Maxeke: Mwanakwaya Aliyeachwa Ugenini

Katika kijitabu hiki tumewataja wengi walioijenga kwaya yetu. Tunaomba nafasi kidogo tumtaje mmoja ambaye hakuwahi kufika hapa, maana naye alikuwa mwanakwaya, na kwaya yake iliitwa Kwaya ya Yubilei ya Waafrika.

Charlotte Manye alizaliwa mashambani Afrika Kusini mwanzoni mwa miaka ya 1870. Baba yake alifanya kazi ya barabara na pia alihubiri katika kanisa la Presbiteri. Mama yake alikuwa mwalimu. Charlotte naye akawa mwalimu, huko Kimberley, mji wa machimbo ya almasi. Mwaka 1891 yeye na nduguye Katie wakapanda meli pamoja na kwaya hiyo kwenda Uingereza.

Julai mwaka huo waliimba mbele ya Malkia Victoria katika jumba lake la Osborne. Katika maonyesho yao waliimba sehemu moja wakiwa na mavazi ya Kiafrika, na nyingine wamevalia Kizungu. Kamati yetu ya sare itaelewa kazi hiyo!

Shida ilikuwa fedha. Uingereza zilisumbua, na katika safari ya pili, ya Kanada na Marekani, wasimamizi waliwatelekeza waimbaji mjini Cleveland, jimbo la Ohio, bila nauli ya kurudi. Msichana wa miaka ishirini na kitu, na bahari nzima kati yake na mamaye. Sisi tulilala njiani usiku mmoja tu, basi lilipoharibika tukitoka kwenye tamasha, na hadi leo hatujaacha kulisimulia.

Kanisa la AME, lililoanzishwa na Wamarekani weusi, likawasaidia. Charlotte alipata nafasi katika Chuo Kikuu cha Wilberforce, hukohuko Ohio. Alikuwa amekwenda kuimba, akabaki kusoma. Mmoja wa walimu wake alikuwa W.E.B. Du Bois. Akahitimu shahada ya sayansi, mwanamke mweusi wa kwanza wa Afrika Kusini kupata shahada ya chuo kikuu.

Sisi tunaoandika barua za kwaya tumelipenda jambo hili kuliko yote: akiwa chuoni alimwandikia Katie barua kwenye karatasi iliyochapishwa jina la askofu Turner wa AME. Mchungaji Mangena Mokone, mwanzilishi wa Kanisa la Kiethiopia huko kwao, akaiona karatasi hiyo, akamwandikia askofu. Mwaka 1896 makanisa hayo mawili yakaungana. Barua ya dada kwa dada!

Aliporudi nyumbani, yeye na mumewe Marshall Maxeke, aliyesoma naye Wilberforce, walianzisha shule huko Evaton. Mwaka 1918 akawa rais wa kwanza wa Bantu Women's League, chama cha wanawake waliokataa kubebeshwa pasi, mfano wa kile kipande walichovalishwa wazee wetu shingoni. Aliongoza wenzake hadi kwa Waziri Mkuu Louis Botha kulalamika.

Alifariki mwaka 1939. Hospitali kubwa ya Johannesburg sasa ina jina lake. Na picha za kwaya yake, zilizopigwa London mwaka 1891 kisha zikasahaulika kwa zaidi ya miaka 120, zilionyeshwa tena mjini humo mwaka 2014, Charlotte akiwemo, angali msichana wa kwaya.