Mtu Aliyekataa Kumsingizia Mzimu

Wiki iliyopita, nilipokuwa nikingojea feri upande wa Likoni, niliwasikia vijana wawili wakizungumza habari za mzee mmoja wa kijijini kwao, huko kusini, aliyelazimika kuikimbia nyumba yake usiku wa manane. Mtoto wa jirani alikuwa amefariki, na hata kabla ya matanga kuanuliwa watu walikwisha kukata shauri kwamba mzee huyo ndiye aliyemroga. Nilitaka kuwauliza mtoto aliugua nini, alitibiwa na nani, na shamba la mzee sasa linalimwa na nani. Lakini feri ilifunga gati, umati ukasukumana, na maswali yangu nikabaki nayo. Kwapani nilikuwa na kitabu kilichochakaa cha Bwana Msa, nacho ndicho kilichonitia tabia ya kuuliza maswali kama hayo.

Wasomaji wengi wa makamo wanamjua Bwana Msa, yule mpelelezi mwenye kiko. Ni wachache wanaomkumbuka aliyembuni. Muhammed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi, kusini mwa kisiwa cha Unguja, tarehe 25 Aprili 1918. Makunduchi ndiko kunakofanyika sherehe za Mwaka Kogwa kila mwaka, na mzaliwa wa mahali kama hapo hahitaji mtu wa kumweleza mila ni nini, wala mzimu ni nini.

Alipomaliza masomo mwaka 1938 aliajiriwa katika Idara ya Afya, akawa mkaguzi, au kama tulivyozoea kusema hapa pwani, bwana afya. Kazi hiyo haina fahari. Bwana afya huingia uani kwa watu, hufunua kisima, hukagua choo, na huuliza mgonjwa alikula nini na maji aliyateka wapi. Hawezi kurudi ofisini akaandika kwamba ugonjwa umeletwa na husuda ya jirani. Sharti aoneshe chanzo chake. Naamini kwamba Bwana Msa alianza kuzaliwa huko, miaka mingi kabla hajaandikwa.

Mwaka 1948 Abdulla aliingia katika uandishi wa habari, akawa mhariri wa gazeti la Zanzibari. Katika miaka kumi iliyofuata alikuwa mhariri msaidizi wa Al-Falaq, Afrika Kwetu na Al Mahda. Msomaji ayatazame vizuri majina hayo. Al-Falaq lilikuwa gazeti la Jumuiya ya Waarabu, hali Afrika Kwetu likiwasemea Waafrika, na siasa za Unguja wakati huo zilikuwa zikichemka. Mtu aliyepita katika vyumba vya magazeti ya pande zote mbili hakosi kujua jinsi tukio moja linavyoweza kusimuliwa kwa namna mbili, kila msimuliaji akiapa kwamba ndiye mkweli. Mwaka 1958 alikabidhiwa uhariri wa Mkulima, jarida la kilimo, akaendelea nalo katika uhuru wa Desemba 1963 na mapinduzi ya Januari 1964, mpaka alipostaafu mwaka 1968.

Ni katika miaka hiyo ya mabadiliko ndipo alipopata jina. Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki liliandaa mashindano ya kuandika hadithi za Kiswahili ya mwaka 1957 na 1958, na hadithi yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ikashinda. Ilichapwa kitabu mwaka 1960. Kabla yake msomaji wa Kiswahili alizoea ngano, tenzi, na tafsiri za vitabu vya Kizungu. Hapa alikutana na jambo geni: mtu ameuawa, na maiti yake imekutwa penye mzimu, mahali ambapo wenyeji wanapaogopa na kupaheshimu. Watu wako tayari kuamini kwamba mizimu imefanya kazi yake. Bwana Msa hawatukani, wala hawacheki. Anavuta kiko chake, anatazama, anauliza nani alikuwa wapi na saa ngapi, na nani angefaidika na kifo kile. Hatimaye anaonesha kwamba mkono uliotenda ni mkono wa binadamu.

Hapana shaka kwamba mwandishi alijifunza kwa Arthur Conan Doyle, yule tabibu wa Uingereza aliyemwumba Sherlock Holmes. Kiko ni kile kile, na rafiki mshangaaji, anayeitwa Najum, ni ndugu wa Daktari Watson. Lakini kuna jambo linalonichekesha kila nikilikumbuka. Doyle mwenyewe, uzeeni, alishika imani ya kuzungumza na roho za wafu, na mwaka 1920 alizitetea hadharani picha za vizimwi wadogo wenye mabawa ambazo baadaye wasichana waliozipiga walikiri kwamba zilikuwa za uongo. Tunayeambiwa ni mtu wa sayansi alidanganywa na vikaratasi, na mzaliwa wa Makunduchi ndiye aliyeshikilia kwamba tusimsingizie mzimu kabla ya kumhoji mtu.

Baada ya kustaafu alizidi kuandika. Kisima cha Giningi kilitoka mwaka 1968, jina lake likitukumbusha makao ya wachawi katika masimulizi ya wazee wetu. Kilifuatwa na Duniani Kuna Watu mwaka 1973, Siri ya Sifuri mwaka 1974, Mke Mmoja Waume Watatu mwaka 1975, Mwana wa Yungi Hulewa mwaka 1976, na mwisho Kosa la Bwana Msa mwaka 1984. Vingi kati ya hivyo vilichapwa Nairobi, na ndivyo vilivyotufikia sisi wa Kisauni na Changamwe, vikizunguka nyumba kwa nyumba hadi majalada yakang'oka.

Sisemi kwamba havina kasoro. Mambo mengi mno hutukia kwa sadfa, na Bwana Msa ni mwerevu kupita kiasi, hata msomaji hutamani akosee japo mara moja. Vijana waliolelewa na Willy Gamba wa Elvis Musiba, mtu wa bastola na mbio za magari, watamwona mzee huyu mzito. Mimi naona uzito huo ndio dawa yake. Bastola humaliza mabishano, lakini haifundishi mtu kufikiri.

Muhammed Said Abdulla alifariki dunia mwaka 1991. Tangu hapo, katika Kilifi iliyo kaskazini yetu na Kwale iliyo kusini, wazee wameendelea kuuawa kwa kutuhumiwa uchawi, na mara nyingi imeonekana kwamba nyuma ya tuhuma kuna ugomvi wa ardhi na urithi. Mzee mwenye mvi huitwa mchawi, na akishazikwa shamba lake hupata mwenyewe mwingine.

Wapo watakaoniambia kwamba uchawi upo, na kwamba riwaya ni porojo tu. Sitabishana nao. Anayeamini uchawi na asiyeuamini wote wawili wanaweza kuuliza mtoto aliugua nini, na nani atafaidika mzee akiondoka. Maswali hayo hayamvunjii mtu imani yake, na huenda yakaokoa roho ya mtu. Nasikitika kwamba sikuyauliza pale kivukoni, nikaiacha feri inipe udhuru wa kunyamaza.