Ernst May: Mkimbizi aliyechora upanuzi wa Kampala

JINJA. Mfanyabiashara anayetoka Busia au Malaba hupita hapa Jinja, na akikaribia Kampala hukiona kilima cha Naguru upande wake wa kulia, kisha Kololo. Mpango wa kupanua mji kwenye vilima hivyo ulichorwa na msanifu majengo wa Kijerumani, Ernst May.

May alizaliwa Frankfurt mwaka 1886, akasoma Uingereza na Ujerumani. Mwaka 1925 mji wake ulimkabidhi kazi ya kupunguza uhaba mkubwa wa nyumba uliofuata Vita Kuu ya Kwanza. Katika miaka mitano alisimamia ujenzi wa nyumba zaidi ya 10,000 kwa watu wa kipato cha kawaida, na jina lake likajulikana dunia nzima.

Mwaka 1930 alikwenda Umoja wa Kisovieti kupanga miji ya viwanda, ukiwemo Magnitogorsk. Alipomaliza mwaka 1933, Wanazi walikuwa wameshika Ujerumani, na yeye alikuwa na asili ya Kiyahudi. Hakuwa na kwao pa kurudi. Alikuja Tanganyika, akanunua shamba karibu na Arusha, na bingwa wa miji akawa mkulima.

Miaka michache baadaye aliliuza shamba, akahamia Nairobi na kufungua ofisi. Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza, Waingereza walimweka kizuizini kwa sababu ya Ujerumani wake. Alipoachiwa alirudi kwenye michoro.

Mwaka 1945 serikali ya kikoloni ya Uganda ilimpa kazi ya kupanga upanuzi wa Kampala, na ripoti yake ikatoka mwaka 1947. Alipanga makazi vilimani, akaacha mabonde yawe maeneo ya wazi, na akaweka shule na maduka karibu na nyumba. Waafrika nao walitengewa mitaa yao mjini. Lakini mitaa hiyo iligawanywa kwa rangi: Wazungu kwao, Wahindi kwao, Waafrika kwao. Mtu aliyefukuzwa na ubaguzi alichora mji wa ubaguzi. Mpango wenyewe haukujengwa wote.

Kazi zake zilivuka mipaka tunayoivuka leo. Jumba la Makumbusho la Uganda, hospitali ya wazazi ya Aga Khan mjini Kisumu na Hoteli ya Oceanic mjini Mombasa zote zilitoka ofisini kwake. Mwishoni mwa 1953 alirudi Ujerumani kusaidia kuijenga upya nchi iliyobomolewa na vita. Alifariki Hamburg mwaka 1970.

Tangu mwaka 2020 Jinja na Mbale ni majiji, nayo yanapanuka. Maisha ya May yanaonyesha kwamba mchoro mzuri hautoshi. Kabla ya mstari wa kwanza, ni lazima ijulikane nani atapewa nafasi mjini: mwenye duka, mwenye lori, na mama anayevusha mzigo wake kichwani.