Midgley: Aliyenyamazisha Injini Akatia Sumu Hewani

Miongoni mwa wavumbuzi ambao hawatajwi sana katika madarasa yetu ya sayansi ni Mmarekani Thomas Midgley. Mimi naona tunapoteza somo kubwa kwa kumwacha nje. Maisha yake yanaonyesha jinsi mtu mwenye subira anavyoweza kulishinda tatizo gumu, na jinsi ushindi huo unavyoweza kugeuka msiba pale mshindi anapoziba masikio asisikie onyo.

Kwanza tulielewe tatizo lenyewe. Ndani ya silinda ya injini ya petroli, pistoni hushindilia mchanganyiko wa hewa na mafuta, kisha plagi hutoa cheche. Moto husambaa kwa utaratibu kutoka penye cheche hadi pembezoni. Lakini joto na shinikizo vikizidi kiasi, mchanganyiko ambao haujafikiwa na moto hulipuka wenyewe ghafla. Hapo husikika mlio kama wa nyundo ndogo igongayo chuma. Kugonga huko kukiendelea, pistoni huweza kutoboka na injini ikaharibika kabisa. Gari la turbo limo hatarini zaidi, kwa kuwa turbo huisukuma hewa nyingi silindani, na hewa inaposhindiliwa hupata joto.

Midgley alizaliwa tarehe 18 Mei 1889 katika mji wa Beaver Falls, jimbo la Pennsylvania, akakulia Ohio. Mwaka 1911 alihitimu uhandisi wa mitambo katika Chuo Kikuu cha Cornell. Mwaka 1916 alijiunga na mvumbuzi Charles Kettering mjini Dayton, naye akampa kazi ya kutafuta chanzo cha kugonga kwa injini.

Alianza kwa dhana isiyo sahihi. Alidhani kuwa mafuta yakitiwa rangi nyekundu yatafyonza joto na kugeuka mvuke mapema. Kwa kukosa rangi ya kufaa, alitia iodini, na kugonga kukapungua. Alipojaribu rangi nyingine nyekundu hazikufaa kitu. Ndipo akatambua kuwa iodini yenyewe ndiyo iliyofanya kazi, wala si wekundu wake. Mwanafunzi na akumbuke hapa kwamba jaribio lililofanywa kwa uaminifu huweza kumsahihisha aliyelifanya.

Iodini ilikuwa ghali mno, hivyo Midgley na wenzake wakajaribu kemikali moja baada ya nyingine kwa miaka kadhaa. Walipitia anilini, kisha seleniamu na teluriamu, ambazo uvundo wake uliganda mwilini na nguoni. Hatimaye, tarehe 9 Desemba 1921, walitia mchanganyiko wenye madini ya risasi na injini ikanyamaza. Kiasi kidogo sana kilitosha, na gharama yake ilikuwa ndogo. Mnamo Februari 1923 petroli hiyo ikaanza kuuzwa Dayton kwa jina la Ethyl, jina ambalo halikuitaja risasi hata kidogo.

Kwa maoni yangu hapo ndipo hadithi inapogeuka. Kwamba risasi ni sumu lilikuwa jambo lililojulikana tangu zama za kale. Midgley mwenyewe, mapema mwaka huo wa 1923, alilazimika kuacha kazi kwa muda akapumzike Florida, kwa sababu risasi ilikuwa imemdhuru. Tena alijua kuwa alkoholi itokanayo na mimea huzuia kugonga. Lakini alkoholi ilijulikana na kila mtu, na hakuna kampuni ambayo ingeweza kuihodhi. Mchanganyiko wa risasi ulikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa na hamu ya faida.

Mnamo Oktoba 1924, wafanyakazi watano wa kiwanda cha Bayway huko New Jersey walifariki baada ya kurukwa na akili kwa sumu hiyo, na wenzao wengi wakalazwa hospitalini. Tarehe 30 mwezi huo Midgley aliitisha waandishi wa habari. Mbele yao alijimwagia kemikali hiyo mikononi na kuinusa kwa dakika nzima, ili kuwaaminisha kwamba haina madhara. Wataalamu kama vile Alice Hamilton wa Chuo Kikuu cha Harvard na Yandell Henderson wa Yale walionya kwamba moshi wa magari ungeieneza risasi kila mahali. Mwaka 1925 serikali ya Marekani iliitisha mkutano kuhusu suala hilo, na uuzaji ukasimamishwa. Mwaka 1926 kamati iliyoundwa ilisema haikuona sababu ya kutosha ya kuipiga marufuku, na biashara ikaendelea.

Midgley aliendelea kutukuzwa. Karibu na mwaka 1930 aliongoza kazi iliyozaa gesi ya Freon, iliyotumika katika majokofu. Kwa hili simlaumu, kwa maana ni mwaka 1974 ndipo wanasayansi walipoeleza kuwa gesi za jamii hiyo zaweza kuharibu tabaka la ozoni. Mwaka 1940 aliugua polio akapooza miguu. Akabuni kamba na kapi za kumwinua kitandani, na tarehe 2 Novemba 1944 alikutwa amefariki, amenyongwa na kamba hizo.

Sumu aliyoieneza iliishi kumpita. Mwaka 1965 Clair Patterson, aliyekuwa amepima umri wa dunia, alitoa ushahidi wa jinsi binadamu alivyojazwa risasi. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto na kumpunguzia uwezo wa kujifunza, jambo ambalo kila mwalimu apaswa kulitafakari. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara, Kenya ikiwemo, ziliachana na petroli hiyo kufikia mwanzo wa mwaka 2006. Algeria ilimaliza mwezi Julai 2021, na mwezi uliofuata Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, lenye makao makuu Nairobi, likatangaza kwamba hakuna nchi iliyokuwa ikiuza tena petroli ya risasi kwa magari ya kawaida.

Je, injini zilirudi kugonga? La. Mwaka 1962 gari la Oldsmobile Jetfire, mojawapo ya magari ya kwanza ya turbo kuuzwa kwa umma, lilizuia kugonga kwa kunyunyiza maji yaliyochanganywa na methanoli. Magari ya siku hizi yana kifaa mfano wa rejeta kinachopoza hewa kabla haijaingia silindani, na kihisi kinachosikia kugonga kungali kuchanga na kuchelewesha cheche. Yaliyobaki ni wajibu wa mwenye gari. Atie petroli ya okteni iliyoelekezwa na mtengenezaji, atumie plagi zilizo sahihi, asikanyage mafuta kwa nguvu akiwa kwenye gia kubwa na mwendo mdogo, wala asimruhusu fundi kuongeza nguvu ya turbo kuliko injini inavyostahimili.

Njia zisizo na sumu zilikuwapo, nyingine tangu enzi za Midgley mwenyewe. Alichagua ile ya rahisi, na gharama wakaibeba watoto ambao hawakuwa na gari. Walimu wafundishao habari za uvumbuzi nawasihi wawazoeshe wanafunzi kuuliza swali la pili kila waambiwapo kwamba kitu fulani kinafanya kazi: kinafanya kazi kwa gharama ya nani?