Michael Faraday na Utando wa Maji Juu ya Barafu

Sisi tusomao fizikia twalijua jina la Michael Faraday kwa sababu ya umeme. Ndiye aliyegundua, mwaka 1831, kwamba sumaku ikisogezwa ndani ya mviringo wa waya huzaa umeme, na mpaka leo majenereta yetu hufuata kanuni hiyo. Lakini iko kazi yake nyingine isiyotajwa sana, nayo yahusu barafu na utelezi wake. Nataka kuwaeleza wasomaji maisha ya mtu huyu, na jinsi alivyosema neno la kweli ambalo hakuishi kuliona likithibitishwa.

Faraday alizaliwa tarehe 22 Septemba 1791, kusini mwa London, Uingereza. Baba yake alikuwa mhunzi, tena mwenye afya mbaya, na siku nyingi alishindwa kufanya kazi. Mwaka 1801 bei ya nafaka ilipanda sana, na kijana huyu akawa akipewa mkate mmoja ambao ilimpasa autumie juma zima. Shuleni alijifunza kusoma, kuandika na hesabu kidogo, basi. Mwaka 1804 alianza kutumwatumwa katika duka la Bwana George Riebau, aliyeuza vitabu na kuvijalidi. Mwaka uliofuata akawa mwanagenzi wake kwa muda wa miaka saba.

Vitabu alivyopewa kuvijalidi, yeye alivisoma pia. Akiona jaribio limeelezwa kitabuni, alilifanya mwenyewe kwa senti chache alizokuwa nazo, ili ajue kama ni kweli. Mwaka 1812 mteja mmoja wa duka alimpatia tikiti za kwenda kusikiliza mihadhara ya Humphry Davy, mwanakemia mashuhuri, katika taasisi iitwayo Royal Institution. Faraday aliandika yote aliyoyasikia, akayapanga vizuri, akayajalidi kwa mkono wake, akampelekea Davy pamoja na barua ya kuomba kazi. Mwezi wa Machi 1813 akaajiriwa kuwa msaidizi katika maabara ya taasisi ile, na huko alitumikia karibu maisha yake yote.

Kazi zake zilikuwa nyingi. Mwaka 1821 alifaulu kuuzungusha waya kwa nguvu ya umeme na sumaku, na huo ndio mwanzo wa mota. Mwaka 1825 aligundua benzini. Kati ya mwaka 1827 na 1861 alitoa mara 19 mihadhara ya Krismasi kwa ajili ya vijana. Alipotakiwa kupewa cheo cha heshima na kuitwa Sir, alikataa. Pamoja na hayo, hesabu za juu hakuzijua. Alitegemea macho yake, mikono yake na daftari lake, ambalo mafungu aliyoyatia namba yalizidi 16,000.

Sasa tuje kwenye barafu. Mtu akienda Mwaloni Kirumba, mjini Mwanza, ataona wafanyabiashara wakimwaga barafu iliyopondwa juu ya sangara. Vipande hivyo vikikaa pamoja kwa muda hushikamana, hata vikabidi kugongwa tena ili viachane. Wengi hupita bila kuuliza neno. Lakini kuna jambo la ajabu hapo: barafu ile imo katika kuyeyuka, basi imekuwaje iungane kana kwamba inaganda?

Swali hilo ndilo alilojiuliza Faraday. Tarehe 7 Juni 1850 alitoa jawabu lake mbele ya watu katika Royal Institution. Alieleza kwamba uso wa barafu una utando mwembamba wa maji ambao jicho haliuoni. Chembe za maji zilizo juu kabisa zina barafu upande mmoja tu, kwa hiyo hazishikwi kwa nguvu zikaganda. Lakini vipande viwili vikigusana, utando ule huwa katikati, hushikwa pande zote mbili, nao huganda. Tukilifuata wazo hilo, twapata pia sababu ya barafu kuteleza: mwenye kuikanyaga hukanyaga maji kwanza.

Wataalamu wengi hawakukubali. Mwaka 1849 James Thomson alikuwa ameonyesha kwa hesabu kwamba barafu ikigandamizwa huyeyuka katika baridi kubwa zaidi kuliko kawaida, na mwaka 1850 ndugu yake, William, alilipima jambo hilo akaliona ni sahihi. Basi ikasemwa kwamba mgandamizo peke yake watosha kueleza yote. Faraday hakugombana na mtu. Alirudi maabarani, akavifunga kwa nyuzi vipande viwili vya barafu vikaelea ndani ya maji, akavisogeza mpaka vikagusana kidogo kabisa pasipo kusukumwa. Vikashikamana vilevile. Aliyaandika hayo mwaka 1860, lakini wengi walibaki upande wa akina Thomson.

Tusistaajabu sana. Katika miaka ileile Johannes Rebmann aliiona theluji ya Kilimanjaro, tarehe 11 Mei 1848, na habari zilipofika London, Bwana William Desborough Cooley, ambaye hakuwa amefika Afrika Mashariki, alizikana kwa hoja za kitabuni. Wachaga walikuwa wakiiona theluji hiyo tangu zamani.

Katika miaka yake ya mwisho kumbukumbu za Faraday zilidhoofika, akaiacha kazi. Alifariki tarehe 25 Agosti 1867, akiwa na miaka 75, na swali la barafu lilikuwa bado halijakatwa.

Ukweli ulikuja polepole. Hesabu zilezile za Thomson zilionyesha kwamba mgandamizo sawa na wa angahewa moja hushusha kiwango cha kuyeyuka kwa chini ya sehemu moja ya mia ya nyuzi ya Selsiasi. Kwa hiyo uzito wa mtu hauwezi kuwa sababu ya utelezi wakati wa baridi kali. Mwaka 1939 Bowden na Hughes walionyesha kwamba joto la msuguano nalo huyeyusha barafu. Kisha mwaka 1987 uso wa barafu ulichunguzwa kwa eksirei, na utando aliousema Faraday ukaonekana. Karibu na nyuzi 0 unene wake hupimwa kwa nanomita, nao hupungua kadiri baridi inavyozidi. Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Unywele wa mtu ni nanomita elfu nyingi.

Mwaka 2001 watafiti waliyabana maji kati ya sahani mbili za ulanga mpaka unene wake ukawa chini ya nanomita 4. Mafuta mengi yakibanwa hivyo hukakamaa kama kitu kigumu, lakini maji yaliendelea kutiririka. Wataalamu waona kwamba magoti yetu pia hufaidika na jambo hilo, kwa kuwa maji yaliyoshikwa juu ya gegedu hubeba uzito wetu na huku huacha mifupa iteleze.

Wenzangu, tusifikiri kwamba hesabu ilishindwa. Hesabu za Thomson zilikuwa za kweli, ila hazikueleza kila kitu, na mwana wa mhunzi aliyetazama kwa makini aliona kilichobaki. Kama angalinyamaza kwa sababu wenziwe walimzidi elimu, wazo lile lingalipotea. Mwenye shaka na atwae vipande viwili vya barafu vinavyoyeyuka, avigusanishe taratibu, angoje kidogo, kisha ajaribu kuvitenganisha.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne, Bujora