Apa Pant na Utulivu wa Nafsi

Apitaye Chuo Kikuu cha Nairobi, pale katikati ya mji, huiona sanamu ya Mahatma Gandhi. Wengi huipita wasiulize imefikaje pale. Habari yake imefungamana na mtu ambaye vijana wa leo hawamjui, ingawa zama zake jina lake lilivuma, likipendwa na Waafrika na kuwaudhi watawala. Naye ni Apa Pant.

Alizaliwa mwaka 1912, mwana wa Raja wa Aundh, milki ndogo ya magharibi ya India. Baba yake, Bhawanrao, alikuwa mtawala wa namna yake. Alilipenda mno zoezi la yoga liitwalo Surya Namaskar, yaani maamkizi ya jua. Ndani yake mtu huinama, hunyoosha miguu, hushuka kifudifudi na kuinuka tena, kila tendo likifuatana na pumzi. Akalitia katika shule za milki yake, na mwaka 1938 kitabu chake juu ya zoezi hilo kikachapwa London. Mwaka huohuo, kwa ushauri wa Gandhi, akaazimia kuvua madaraka yake na kuwapa raia. Apa, aliyekwisha kusoma Oxford na kuhitimu sheria, alishirikiana naye bega kwa bega. Basi kijana huyu alilelewa katika mambo mawili: kuutawala mwili wake, na kuacha kuwatawala wenziwe.

Mwaka 1948 akaja Nairobi, mjumbe wa kwanza wa India huru katika Afrika ya Mashariki ya Waingereza. Aliukuta mji umekatwa mapande kwa rangi: Wazungu kwao, Wahindi Ngara na Parklands, Waafrika upande wa mashariki. Pant hakuukubali ukuta huo. Alisuhubiana na Jomo Kenyatta na Mzee Koinange, akawatafutia vijana wa Kiafrika nafasi za masomo India, na akawahimiza Wahindi kwamba fedha za kumkumbuka Gandhi zijenge chuo cha watu wa rangi zote. Fedha hizo zikaungana na chuo kilichofunguliwa mwaka 1956, ambacho leo ndicho Chuo Kikuu cha Nairobi.

Oktoba 1952 ikatangazwa hali ya hatari, Kenyatta akakamatwa, na wakili Diwan Chaman Lall akaja kutoka India kumtetea. Siku zile kulikuwa na hekima nyingine juu ya nafsi za watu. Daktari Carothers, aliyesimamia hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari hadi mwaka 1950, aliiandikia serikali mwaka 1954 kwamba mzizi wa Mau Mau ni mtafaruku wa nafsi za watu waliotoka katika mila zao. Kwa Pant, jambo lilikuwa ardhi na heshima iliyonyang'anywa. Waingereza hawakumvumilia, wakashikilia aondolewe, na mwaka huohuo wa 1954 akaondoka.

Hapa msomaji Mwislamu atauliza, na ana haki: asujuduye kwa Mola peke yake, ataliamkiaje jua? Hataliamkia. Qurani imekataza kulisujudia jua na mwezi, na majina ya jua yatamkwayo katika zoezi hilo ni ibada ya wenyewe, si yetu. Lakini wanavyuoni wetu hawakuogopa kujua. Katika karne ya 11, Abu Rayhan al-Biruni aliifasiri kwa Kiarabu elimu ya yoga ya Patanjali. Humo yoga si kukunja viungo tu, bali ni kuituliza akili isiyumbe kama mashua isiyo nanga. Huanza na mwenendo: kutodhuru, kutosema uongo, kutoiba, kutokuwa na tamaa. Ndipo yaje mkao wa mwili, pumzi, kuzizuia hisi, na kuikusanya fikra mahali pamoja.

Maana yake ni kwamba mtu hatibiwi vipande vipande. Mwenye wahka, sonona au kukosa usingizi anaumwa nafsi, mwili na pumzi kwa pamoja. Ndiyo sababu leo madaktari wa akili hawaoni haya kuyatumia mazoezi hayo pamoja na tiba yao. Ni msaada wa daktari, si badala yake. Mgonjwa asije akaacha dawa zake kwa ajili ya mkeka.

Pant aliendelea kuitumikia nchi yake Sikkim, Indonesia, Misri, Uingereza na kwingineko. Mwaka 1970 akatoa kitabu chake mwenyewe juu ya Surya Namaskar, na mwaka 1992 akafariki. Wako wadhanio kwamba utulivu ni kuukimbia ulimwengu na kujifungia chumbani. Maisha yake yanakanusha. Aliyelelewa kuitawala pumzi yake ndiye aliyesimama na wanyonge mji ulipojaa khofu. Na tumwulize Carothers huko aliko: nafsi itatulia vipi, ikiwa mwenyewe amedhulumiwa shamba lake na hana pa kulalamika?

Leo ukipanda kutoka mjini kuelekea Parklands na Westlands, utakuta watu wa kila rangi wameketi chumba kimoja wakijifunza kuvuta na kushusha pumzi. Zama za Pant, wasingeachwa hata kukaa mtaa mmoja.