Joseph Henry, mwalimu aliyegundua kwa nini bobini hutoa cheche

Wanafunzi wa fizikia wanapopima bobini kwa henry, wachache wanajua kwamba neno hilo ni jina la mtu. Joseph Henry alizaliwa tarehe 17 mwezi wa kumi na mbili 1797 mjini Albany, jimbo la New York, Marekani, katika familia ya kimaskini. Akiwa kijana alifunzwa kazi na fundi wa saa. Kitabu cha sayansi alichokisoma akiwa na miaka 16 kilimvuta kwenye masomo, na mwaka 1826 akawa mwalimu wa hesabu katika shule ya Albany Academy.

Kufundisha kulimchukua muda mwingi, kwa hiyo majaribio aliyafanya hasa wakati wa likizo. Alifunika waya wa shaba kwa hariri ili auzungushe tabaka juu ya tabaka. Mwaka 1831, sumaku ya umeme aliyoitengenezea Chuo Kikuu cha Yale iliinua zaidi ya kilo 900.

Lakini uhaba wa muda ulimgharimu. Mwaka huohuo wa 1831, Michael Faraday wa Uingereza alitangaza kwamba sumaku inaweza kuzaa umeme. Henry, aliyekuwa akifuata njia hiyohiyo, alichapisha mwaka 1832. Sifa ikabaki London.

Hata hivyo, makala yake ilikuwa na jambo jipya: umeme ukikatwa kwenye waya mrefu, cheche huruka mahali pa kukatia, na waya ukizungushwa kuwa bobini, cheche huzidi.

Sababu ni hii. Mkondo unaopita katika bobini hujenga usumaku. Mkondo ukibadilika, usumaku nao hubadilika na kuzaa volti inayopinga badiliko hilo. Katika bobini kamili, yaani isiyo na upinzani wowote, volti haifuati ukubwa wa mkondo, bali kasi ya kubadilika kwake. Mkondo wa ampea 10 ukitulia, volti ni sifuri. Bobini ya henry 1 ikipewa volti 1, mkondo hauruki: unapanda ampea 1 kila sekunde. Ukipunguza ampea 1 hadi sifuri ndani ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, zinazaliwa volti 1.000. Hizo ndizo zinazorusha cheche.

Katika umeme wa mzunguko 50 kwa sekunde, kama wa kwetu Congo, mkondo wa bobini kamili huchelewa nyuma ya volti kwa robo ya mzunguko, yaani milisekunde 5.

Mafundi wa magari wanaitumia kanuni hiyo kila siku. Betri ni ya volti 12 tu, lakini mkondo wa bobini unapokatwa ghafla, buji hupata maelfu ya volti na kuwasha mafuta.

Henry alihamia Princeton mwaka 1832. Kuanzia 1846 aliongoza taasisi ya Smithsonian mjini Washington, hadi kifo chake tarehe 13 mwezi wa tano 1878. Hakutafuta hati za kumiliki uvumbuzi wake ili apate feza.

Mwaka 1893, mkutano wa kimataifa wa umeme mjini Chicago ulikubali kipimo cha bobini kiitwe henry. Cha kondensa kiliitwa farad, kwa heshima ya Faraday. Leo majina ya wawili hao hukutana katika somo moja, hata ndani ya zoezi moja.